Jajuok, Zimwi na Kalamu Nyekundu

Majuzi nilionyeshwa insha ya mwanafunzi mmoja wa Homa Bay aliyesimulia ngano ya nyanya yake. Aliandika: "Jojuok walipita usiku." Mwalimu alilikata neno la kwanza kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "wajajuok", na alama ikapungua. Je, aliyekosea ni nani?

Katika Kidholuo, jajuok ni mmoja, yule akimbiaye usiku akiwatisha watu majumbani mwao. Jojuok ni wengi. Viambishi ja- na jo- hufanya kazi ileile ifanywayo na m- na wa- katika Kiswahili. "Wajajuok" basi limebebeshwa viambishi viwili vinavyogombana, wa- ya wingi na ja- ya umoja. Ndivyo lilivyozaliwa pia jina "Wajaluo". Kwa Abakuria wa Migori tulitenda vyema zaidi: aba- ilitoka, wa- ikaingia, tukapata Wakuria. Mantiki hiyo ingetupa Waluo, na pengine "wajuok".

Huenda mwalimu akajitetea kwamba kila lugha ina haki ya kulivika neno geni mavazi yake. Ni kweli. Jinn ya Kiarabu tayari ni jina la jumla, lakini Kiswahili kiliunda jini na majini. Hata hivyo, haki hiyo hutumiwa na jamii nzima kwa muda mrefu, si na kalamu moja darasani. Wala kulibadilisha neno kuwa "wachawi" si dawa, maana si kila mchawi hukimbia usiku.

Upatanisho nao una mitego yake. Wakazi wa kando ya ziwa hupiga masufuria na mabati kuwafukuza nyawawa, pepo wapitao na upepo. Mwanafunzi akiona ny- mwanzoni mwa neno huandika "nyawawa zimepita". Lakini viumbe wenye uhai huchukua a- na wa-: tunasema nyani wamepita, basi na nyawawa wamepita. Zimwi ndilo lenye njia mbili. Sarufi ya shuleni hupenda "zimwi alikuja", ilhali wahenga walinena: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Msimulizi atakaye kuonyesha ukubwa na utisho wa kiumbe huyo asiadhibiwe kwa kufuata wahenga.

Tahajia pia isidharauliwe. Nyamgondho wa Gwassi, aliyevua mwanamke ziwani akatajirika, asigeuzwe "Nyamgondo". Katika Kidholuo d na dh hutofautisha maneno.

Mambo haya si madogo. J.R.R. Tolkien, mwanaisimu wa Oxford, aliandika dwarves badala ya dwarfs ya kamusi katika The Hobbit mwaka 1937. Baadaye wapiga chapa walipoisahihisha tahajia yake katika kitabu kingine, alidai irudishwe. Yeye alikuwa na jina na mchapishaji. Mtoto wetu ana daftari tu.

Nawasihi walimu wenzangu: neno la ngano liandikwe kama wenyewe waliandikavyo, lisipewe wingi mara mbili, na lipatanishwe kwa Kiswahili sanifu. Mwanafunzi akisharimu haya, apewe alama yake. La sivyo, kesho hatamwuliza tena nyanya ngano, naye nyanya hatatungoja.