Mbawakawa Mmoja, Majina Mengi: Kwa Nini Jina la Mdudu wa Majani Linamhusu Mkulima wa Pwani

Mpwani ana majina matano ya tunda moja. Likianza ni kidaka, likikua ni kitale, kisha dafu, kisha koroma, mwisho nazi. Mtoto mdogo hakosei, kwa sababu kila jina lina kazi yake: dafu la kunywa, nazi ya kukuna. Lakini mwulize Mpwani huyo huyo ni nini kilichokausha majani ya mnazi wake, au kilichoupausha mpunga wake, na jibu ni moja tu: "mdudu". Akifika kwenye duka la dawa za kilimo ataomba dawa ya mdudu, na dawa ya mdudu atauziwa. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

Makala haya yanahusu kundi moja la wadudu hao, mbawakawa wanaochimba majani, na namna wataalamu wanavyowapanga na kuwapa majina. Mtu anaweza kudhani hiyo ni kazi ya wazee wa makumbusho wenye miwani minene. Sivyo. Jina likikosewa, pesa ya mkulima hupotea, na mara nyingine shamba zima hupotea nayo.

Wanaoishi ndani ya jani

Jani, hata likiwa jembamba namna gani, lina ngozi mbili, ya juu na ya chini, na katikati mna nyama laini ya kijani. Wako wadudu ambao mama hutaga yai ndani ya jani, na buu akianguliwa huila ile nyama huku amefunikwa juu na chini, kama mtu aliyejifungia ghalani na chakula chake. Kwa nje utaona mstari mweupe au baka lililokauka. Liinue jani kwenye mwanga wa jua na utamwona mwenyewe ndani.

Ndiyo maana dawa ya kunyunyizia juu juu mara nyingi haimfikii. Inabaki kwenye ngozi ya jani, naye yuko chini ya ngozi.

Tena wachimba majani si jamaa moja. Kwenye mlimau, ile njia inayong'aa na kupinda-pinda ni kazi ya buu wa nondo mdogo. Kwenye kunde na mboga, mara nyingi ni buu wa nzi. Kwenye mpunga na jamii ya minazi wamo mbawakawa, ambao wataalamu huwaita hispa. Kazi ni moja, lakini wafanyao ni watu mbalimbali, na dawa ya huyu si dawa ya yule.

Taifa, mji na mlango

Mpangilio wa wadudu si mgeni kwa watu wa Mombasa. Mtu akikwambia yeye ni wa Tisa Taifa, bado utauliza: Mmvita, Mjomvu au Mkilifi? Kisha utauliza mlango wake, mpaka ufike nyumbani kwao. Hispa nao ni hivyo. Wamo katika familia kubwa ya mbawakawa wa majani, Chrysomelidae. Ndani yake mna nusu-familia ya Cassidinae, yenye spishi zaidi ya 6,000. Ndani ya hiyo mna makabila, ndani ya kabila mna jenasi, na ndani ya jenasi ndimo zilimo spishi, yaani wale wanaozaana wao kwa wao.

Hata ngazi hizo za juu zimewahi kuzua mjadala mrefu. Zamani vitabu vilitenga makundi mawili. La kwanza lilikuwa la hispa, wengi wao wembamba, wengine wenye miiba mwili mzima, ambao mabuu yao hujificha ndani ya majani. La pili lilikuwa la mbawakawa wenye ngao kama kobe, wanaokula wakiwa juu ya jani mchana kweupe. Hao wa pili unawajua: tazama majani ya viazi vitamu, utamkuta mmoja anayemeta kama dhahabu. Uchunguzi wa maumbile, wa mabuu na baadaye wa vinasaba ulionyesha kuwa mpaka kati ya makundi hayo haukuwa safi kama ulivyodhaniwa, na mengi ya maandishi ya leo yanawaweka pamoja. Basi jina lipi libaki? Majina yote mawili yalitolewa na mtu mmoja, Gyllenhal wa Uswidi, katika mwaka mmoja, 1813, kwa hiyo hapakuwa na la kwanza wala la pili. Ikabidi wataalamu wachague, wakachagua Cassidinae. Ukikuta kitabu cha zamani kinasema Hispinae na kipya kinasema Cassidinae, usidhani ni wadudu tofauti.

Sheria ya aliyetangulia

Kupeana majina kuna sheria zake. Kila spishi ina jina la maneno mawili, mtindo ambao kwa wanyama huhesabiwa kuanzia kitabu cha Linnaeus wa Uswidi cha mwaka 1758. Anayetoa jina jipya lazima aeleze sifa za mdudu, na mdudu mmoja wa aina hiyo huwekwa katika makumbusho awe shahidi. Mabishano yakizuka miaka mia baadaye, watu hurudi kwa shahidi huyo. Watu wawili wakimpa mdudu mmoja majina mawili kwa nyakati tofauti, la aliyetangulia ndilo linaloshinda kwa kawaida, na lingine huandikwa kuwa jina la ziada.

Ukiona jina la mtu ndani ya mabano mwishoni, kama Brontispa longissima (Gestro), ujue kwamba Gestro ndiye aliyemwita mdudu longissima, lakini alimweka katika jenasi nyingine, na baadaye akahamishwa. Ni kama binti aliyeolewa mji mwingine: nyumba imebadilika, jina alilopewa na babake analo.

Mdudu wa mpunga

Hispa anayemhusu moja kwa moja mkulima wa Afrika Mashariki ni yule wa mpunga, Trichispa sericea. Ni mdogo, milimita 3 hadi 4, rangi ya kijivu iliyokoza, na mgongo umejaa miiba. Buu huchimba ndani ya jani la mpunga, na mkubwa hukwangua jani kwa nje na kuacha mistari myeupe. Baadhi ya maandishi ya zamani yanamwita Hispa usambarica, kwa jina la milima ya Usambara iliyo upande wa pili wa mpaka wetu. Mkulima au afisa asiyejua kuwa majina hayo mawili ni ya mdudu mmoja atasoma nusu tu ya yale yanayojulikana juu yake.

Na yanayojulikana ni mazito. Mwaka 1966, huko Otonglo karibu na Kisumu, ulionekana ugonjwa wa mpunga uliokuwa haujaelezwa popote duniani: majani yanageuka manjano yenye mabaka, mmea unadumaa, na masuke yanatoka matupu. Ni ugonjwa wa virusi. Mtafiti Bakker alionyesha kuwa mbawakawa kadhaa wanaokula majani huubeba kutoka mmea hadi mmea, na hispa wa mpunga ni mmoja wao. Kwa hiyo mistari myeupe michache shambani si ya kupuuzwa. Jani lililoliwa huenda lisikutie hasara kubwa, lakini mlaji anaweza kuwa amekuja na mzigo.

Hispa huyu ana binamu. Bangladesh na India wana Dicladispa armigera, na Madagaska kuna Dicladispa gestroi, wote wasumbufu wa mpunga. Zamani wengi wa jamaa hawa waliandikwa chini ya jina moja pana la Hispa, na mtu aliyesoma "hispa wa mpunga" hakujua anasoma habari za nani. Kuwagawa katika jenasi tofauti kuliondoa utata huo: ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Bangladesh haupaswi kunukuliwa Kwale au Tana Delta kana kwamba mdudu ni yule yule.

Mnazi na majina yaliyorundikana

Sasa tuje kwenye mnazi. Brontispa longissima ni hispa aliyejitenga kidogo na desturi ya ukoo wake: hachimbi ndani ya jani, bali hujibana katikati ya majani machanga ya kilele kabla hayajafunguka, na kuyala humo. Jani likifunguka linatoka la kahawia, kama limepitiwa na moto. Gestro, wa makumbusho ya Genoa nchini Italia, alimpa jina mwaka 1885 kutokana na wadudu wa visiwa vya Aru, katika Indonesia ya leo.

Kwa vile mbawakawa huyu ana rangi nyingi, kahawia hapa na nyeusi pale, kila aliyempata kisiwani pake alimpa jina. Akaitwa froggatti, akaitwa javana, akaitwa selebensis, na mengine zaidi. Mwaka 1960 Gressitt, aliyechunguza hispa wengi wa Pasifiki, aliona kuwa hizo ni rangi tu za spishi moja, na majina mengi yakazikwa. Jambo likaonekana limekwisha. Mwaka 2011 watafiti wa Japani na wenzao wakachapisha matokeo ya vinasaba: chini ya jina hilo moja kuna matawi mawili yaliyotengana. Moja linapatikana katika eneo dogo zaidi, pamoja na Papua New Guinea, Australia na Samoa. Lingine ndilo lililosambaa sana Asia. Kwa macho huwezi kuyatofautisha kwa urahisi.

Je, inamhusu nani? Inamhusu anayetafuta dawa. Nyigu mdogo sana aitwaye Asecodes hispinarum, anayetaga ndani ya buu wa Brontispa na kumuua, alichukuliwa kutoka Samoa mwaka 2003 akapelekwa Vietnam, na mwaka uliofuata akafika Maldivi, katika Bahari ya Hindi hii yetu. Alitolewa kwa tawi moja akapelekwa kupambana na lingine kabla tofauti hiyo haijajulikana. Vietnam alifanya kazi nzuri. Lakini nyigu hawa huchagua sana, na si busara kutegemea bahati kila mara.

Undugu ukijulikana, dawa hupatikana

Usidhani mambo haya ni matata matupu. Kujua undugu wa wadudu kumewahi kuokoa nchi. Visiwa vya Fiji viliishi kwa minazi, na mchimba majani wa jenasi ya Promecotheca aliiharibu vibaya. Nyigu wa kienyeji walikuwepo, ila walishindwa. Sababu ilikuwa utitiri aliyekuwa akiua mbawakawa wa karibu kila umri, isipokuwa wachache. Waliobaki wakazaa kizazi cha umri mmoja. Nyigu wa kienyeji, wanaohitaji windo la umri fulani wakati wote, wakakosa pa kutaga na kufa, na mbawakawa wakafurika.

Mtafiti T.H.C. Taylor alijiuliza: ndugu za mbawakawa huyu wanaishi wapi, na huko ni nani anayewazuia? Akamkuta Java nyigu anayeshambulia Promecotheca wa huko, na asiyejali sana umri wa windo. Mwaka 1933 nyigu huyo akapelekwa Fiji, na baada ya kama mwaka mmoja janga lilikuwa limetulizwa. Aliongozwa na jina la jenasi, yaani undugu. Na onyo limo humo humo: dawa inayopigwa ovyo inaweza kufanya kazi ya yule utitiri, ikaua marafiki na kumwachia adui uwanja.

Kinyume chake kilitokea Afrika Magharibi. Mchimba majani wa michikichi aliandikwa kwa miaka mingi kwa jina la Coelaenomenodera minuta. Mwaka 1999 Berti na Mariau walionyesha kuwa mharibifu ni spishi nyingine, wakamwita lameensis, kwa jina la kituo cha utafiti cha La Mé nchini Kodivaa. Yote yaliyoandikwa hapo kabla yakabidi yasomwe upya kwa uangalifu: habari hizi ni za nani hasa?

Ukimwona, fanya hivi

Usikimbilie dukani. Kata jani lenye alama pamoja na mdudu aliyemo. Tafuta na mbawakawa mkubwa pia, kwa sababu buu peke yake ni vigumu kumtambua. Mtie kwenye kichupa chenye spiriti. Andika kwa penseli mahali, tarehe na mmea uliomkuta. Piga picha ukiweka sarafu pembeni. Kisha mpelekee afisa wa kilimo wa wadi yako, au watafiti wa KALRO Mtwapa, au KEPHIS ikiwa mmea umetoka nje ya nchi. Miche ya mnazi na mitende ya mapambo isihamishwe bila kukaguliwa, maana Brontispa amevuka bahari kwa njia hiyo.

Na wazee wa Kidigo, Kigiriama na Kipokomo wenye majina ya wadudu wa mashambani waulizwe mapema, na majina hayo yaandikwe kando ya yale ya Kilatini. Mkulima wa Garsen akiweza kumwita hispa wa mpunga kwa jina lake, afisa akaelewa ni nani anayetajwa, hatarudi tena nyumbani na chupa ya "dawa ya mdudu".