Tangawizi Ikiwa Hai

Maziwa yalikatika nikiyaangalia. Ilikuwa Julai, kipupwe kimeshika, na upepo wa Chamwino ulikuwa ukisukuma vumbi chini ya mlango wa jikoni. Asubuhi nilinunua nusu lita ya maziwa mabichi kwa mama anayepita na dumu. Jioni nikayabandika kwenye jiko la mkaa, na kabla hayajachemka nikayakwangulia tangawizi mbichi, tena ya kutosha, maana nilitaka kikombe cha kunipasha moto usiku bila kuninyima usingizi. Dakika chache baadaye sufuria ilikuwa na mabonge meupe yanaelea juu ya maji ya kijanikijani. Kimoyomoyo nikamlaumu yule mama: kaniuzia ya jana.

Bibi mwenye nyumba ninayopanga akachungulia, akacheka.

“Mjukuu wangu, maziwa hayana kosa. Tangawizi umeitia ikiwa hai.”

Nimeisoma kemia ya chakula kwa miaka, na sijakutana na maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo. Tangawizi mbichi ina kimeng’enya kiitwacho zingibaini, na kazi yake ni kukatakata protini. Ni jamaa wa kile kilichomo kwenye utomvu wa papai bichi, ambacho wapishi wetu wanakitumia kulainisha nyama ngumu. Sasa maziwa ya ng’ombe yana protini, na karibu asilimia 80 ya protini hizo ni kaseini. Kaseini haikai ovyo ndani ya maziwa. Imejikusanya katika vidonge vidogo mno, na kila kidonge kimeota juu yake kitu mfano wa manyoya. Manyoya hayo ndiyo yanayofanya vidonge visigandane: vikikaribiana, vinasukumana. Zingibaini inakuja kama kinyozi. Inanyoa manyoya, vidonge vinashikana, na maziwa yanakatika. Wachina wa jimbo la Guangdong hufanya hivyo kwa makusudi: humimina maziwa ya moto juu ya maji ya tangawizi, wakaacha dakika chache, wakapata kitu laini cha kula kwa kijiko. Mimi nilipata kitindamlo cha Guangdong bila kukiagiza.

Kimeng’enya hicho hufanya kazi kwa nguvu maziwa yakiwa na joto la nyuzi 60 hadi 70, yaani pale pale mtu anapoona maziwa “yanaanza kupata moto”. Kikichemshwa kinakufa. Kwa hiyo dawa ni utaratibu tu: tangawizi ichemke kwanza kwenye maji, dakika 5 au zaidi, ndipo maziwa yafuate. Huku kwetu, mita zaidi ya 1,000 juu ya usawa wa bahari, maji hayafiki nyuzi 100. Yanatokota kwenye 96 hivi. Kwa kuiua tangawizi zinatosha sana.

Bibi anayajua haya kwa mkono. Yeye aliachana na majani ya chai zamani, alipoona kila akinywa jioni anasikia jogoo wa kwanza na wa pili. Lakini hajaacha chai. Hapo ndipo Kiswahili kinapomstaajabisha mgeni: chai kwetu si lazima iwe na chai. Tunasema “kunywa chai” hata kama ni uji na kiporo. Vijana wa mjini wanaliita hata neno la uongo chai. Na mchaichai, mmea usio na undugu wowote na majani yanayotoka Mufindi, Rungwe na Lushoto, umepewa jina hilo mara mbili.

Tofauti kubwa iko kwenye kafeini. Mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge ndiye aliyeitenga mara ya kwanza mwaka 1819, kutoka kwenye punje za kahawa alizopewa na mshairi Goethe. Jinsi inavyotukesha ni hivi. Ubongo ukifanya kazi mchana kutwa, kemikali iitwayo adenosini inazidi kukusanyika. Inakaa kwenye vipokezi vyake, na kadiri inavyokaa ndivyo kope zinavyokuwa nzito. Kafeini ina umbo linalofanana na sehemu ya adenosini, basi inawahi kiti. Ni kama abiria aliyeweka begi kwenye kiti cha basi: begi halisafiri kwenda kokote, lakini mwenye haja ya kukaa anabaki amesimama. Uchovu haujaondoka, umenyimwa nafasi tu.

Na begi hilo halitoki upesi. Kwa mtu mzima wa kawaida, nusu ya kafeini inachukua saa 5 hivi kuondoka mwilini. Ukinywa saa 12 jioni, ikifika saa 5 usiku nusu yake bado imo. Mjamzito, hasa miezi ya mwisho, humchukua muda mrefu zaidi, wakati mwingine hadi saa 15, na Shirika la Afya Duniani linashauri wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze. Kikombe cha chai ya majani kina kama miligramu 40 au 50. Cha kahawa kinaweza kupita mara mbili ya hapo. Mchaichai, tangawizi, hiliki na mdalasini hazina kabisa.

Twende kwenye mchaichai wenyewe, maana ndio unaotoa harufu ya kikombe cha bibi kisicho na majani ya chai. Bibi ameupanda pale yanapomwagika maji ya kuoshea vyombo; kwa mvua ya Dodoma, ambayo mwaka mzima haifiki hata ile inayonyesha Tukuyu kwa miezi miwili mizuri, bila maji hayo usingedumu. Kibotania ni nyasi, tena wa kabila moja la nyasi na mtama. Mtama wa Wagogo shambani na mchaichai wa uani ni binamu. Chukua jani moja ulipitishe kidole kinyumenyume na utakatwa: kingo zake zina vijino vya silika, malighafi ile ile ya mchanga na kioo. Bibi halikati jani kwa kisu. Anachukua manne au matano, anayakunja, anayafunga fundo kama anayefunga kanga, kisha analiponda fundo mara mbili kwa mchi. Fundo linarahisisha kuyatoa. Kuponda kunapasua vijumba vya mafuta ndani ya jani.

Mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni sitrali, ile ile inayolifanya ganda la limau linukie. Sitrali inapenda kuruka. Mchaichai ukichemshwa robo saa bila mfuniko, jikoni kunanukia vizuri sana na kikombe hakina kitu. Ndiyo sababu mchaichai unaingia mwisho, moto ukishapunguzwa, na mfuniko juu. Halafu kuna jambo jingine: sitrali haiyeyuki sana kwenye maji, lakini kwenye mafuta inajisikia nyumbani. Mafuta ya maziwa yanaidaka, yanaishikilia, na kuiachilia taratibu mdomoni. Maziwa ya ng’ombe wetu wa asili yana mafuta mengi kuliko ya ng’ombe wa kizungu, na mimi nadai, kwa upendeleo wa wazi, kwamba kikombe cha mchaichai kwa maziwa ya hapa kinavizidi vyote.

Hiliki tatu zilizopondwa na kijiti cha mdalasini vinaingia pamoja na tangawizi mwanzoni. Hiliki ina sineoli, kemikali ile ile ya majani ya mkaratusi, ndiyo maana ukinusa chai ya hiliki pua inafunguka.

Lakini joto? Hapa ndipo tangawizi inapofanya kiini macho. Jinjeroli iliyomo inagusa kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, ambacho kazi yake halali ni kuuarifu ubongo kwamba kitu ni cha moto. Pilipili inakigusa hicho hicho. Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 1997 katika maabara ya David Julius kule Marekani, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian. Kwa hiyo ule moto unaousikia kooni hata chai ikishapoa si wa mkaa. Ni neva zimepewa taarifa. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli inageuka shogaoli iliyo kali zaidi, ndiyo maana ya unga inauma kuliko mbichi. Ikichemshwa muda mrefu inazaa zinjeroni, tamu na pole. Anayependa ukali asiichemshe sana; anayepikia watoto aiache itokote.

Kipimo cha watu wawili: maji kikombe kimoja, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, viungo, yachemke. Maziwa kikombe kimoja na nusu, yachemke pia. Kisha mchaichai, funika, subiri dakika 7 au 8, chuja. Hilo la kuyachemsha maziwa mabichi halina mjadala. Brusela, ule ugonjwa unaofanya ng’ombe watupe mimba, hupita kwenye maziwa mabichi hadi kwa mtu, na kifua kikuu cha ng’ombe vilevile. Usiyaache jikoni peke yake: protini na mafuta yanatandaza utando juu, mvuke unanaswa chini yake, na unapolazimisha njia unauinua utando wote na maziwa yake hadi kwenye mkaa. Mwiko uliolazwa juu ya sufuria husaidia kidogo, kukaa hapo hapo husaidia zaidi.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie rozela au ubuyu, vitu ambavyo Dodoma vimejaa. Jaribu uone. Kaseini inaanguka pale uchachu unapofikia kipimo cha pH 4.6, na vyote viwili ni vichachu kupita hapo. Rozela, au choya kama wengine wanavyoiita, inaongeza na vituko vya rangi: wekundu wake unategemea uchachu, ukitia maziwa unafifia kuwa zambarau yenye majivu, kisha mabonge. Hivyo tunavinywa bila maziwa, na vizuri hivyo. Anayetumia dawa za presha azungumze na daktari kabla ya kuzoea rozela kila siku, kwa kuwa nayo inashusha.

Limebaki povu. Wenye mikahawa huita kinywaji cha namna hii latte, neno la Kiitaliano ambalo maana yake ni maziwa, basi. Ukiagiza latte Italia bila kutaja kahawa utaletewa glasi ya maziwa. Kinachowatoza watu pesa ni lile povu, na povu ni protini tena. Ukipiga maziwa, hewa inaingia kama viputo, na protini zinakimbilia kwenye kuta za viputo, zinajikunjua na kushikana mikono. Mafuta yanaharibu shughuli hiyo, yakiwa vuguvugu hasa, kwa kuwa yameyeyuka nusu na nusu na yanatoboa kuta. Kwa hiyo engua malai kwanza, pasha maziwa yawe ya moto lakini kidole kikivumilia sekunde moja tu, ndipo upige.

Kwa mashine gani? Upekecho. Kila jiko la Mgogo lina upekecho wa mlenda, na kuusugua kati ya viganja kunatoa povu ambalo mashine ya umeme ingelionea wivu. Tumia mpya. Nilipoazima wa bibi mara ya kwanza, latte yangu ilivutika kutoka kikombe hadi mdomoni kama bamia.

Chamwino siku hizi inatajwa kwa ajili ya Ikulu iliyozinduliwa tarehe 20 Mei 2023, na zamani kidogo ilitajwa kwa kijiji cha ujamaa ambako Mwalimu Nyerere alikuwa akija kufyatua matofali. Mimi nataka itajwe pia kwa kahawa ya mtama. Waitaliano wana kinywaji cha shayiri iliyokaangwa, kilichoshika sana wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kahawa ilipoadimika. Shayiri huku hatuna. Mtama tunao. Nikakaanga vikombe viwili kwenye chungu kikavu, nikikoroga bila kupumzika. Kinachotokea hapo kilielezwa na Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912: sukari na vipande vya protini vinapokutana kwenye moto mkali, vinazaa rangi ya kahawia na mamia ya harufu. Ili hilo liende kwa kasi ya maana, joto linahitaji kupita nyuzi 140, ndiyo maana uji hauwi wa kahawia hata ukiupika hadi kesho. Punje zikaanza kuruka kama bisi, zikafanana na kahawa, moshi ukawa wa bluu. Nikasaga, nikachemsha kijiko kimoja kikubwa kwa kila kikombe, nikachuja kwa kitambaa, nikatia maziwa ya mchaichai na povu juu. Ningekuwa na ule mtama wenye tanini nyingi, ambao hata kweleakwelea wanaususa, uchungu ungekaribia zaidi wa kahawa yenyewe.

Nikampelekea bibi, aliyejifunika kitenge uani upepo ukivuma. Akapuliza povu kando, akanywa funda moja, akatulia.

“Huu ni uji ulioungua,” akasema.

Akanywa la pili, la tatu, kisha akaninyooshea kikombe niongeze.