Sinia la matunda Kiyovu: ukate mwenyewe au uagize?

Ukiomba "matunda" katika soko la Kigali, usishangae kupimiwa pasheni. Kwa Kinyarwanda, amatunda ndiyo pasheni. Matunda kwa jumla ni imbuto. Hilo mgeni wa Kiyovu, mtaa wa Kigali, hulijua mapema. Linalochelewa kumwingia ni hili: bei ya kilo sokoni siyo bei ya kilo itakayofika kwenye sinia.

Hesabu ya maganda

Tuseme una wageni 10, kila mmoja gramu 200. Unahitaji kilo 2 zilizokwisha kumenywa. Nanasi likitolewa ganda, macho na moyo, hubaki karibu nusu. Pasheni vilevile, nusu ni ganda. Embe na papai hupoteza kidogo kuliko hapo, na tufaha huliwa karibu lote. Kwa hiyo zidisha bei ya kilo ya nanasi mara mbili kwanza, ndipo uilinganishe na ya tufaha. Hata baada ya hapo, kwa kawaida nanasi hushinda: limelimwa humuhumu nchini, ilhali tufaha nyingi zinatoka Afrika Kusini, na nauli yake unailipa wewe. Ukitaka rangi nyekundu, ibinyomoro (tamarillo) vinatosha. Huna haja ya zabibu za ng'ambo.

Ununue wapi?

Soko la Nyarugenge, katikati ya mji, unalifikia kwa miguu kutoka Kiyovu, ingawa mlima utakutoa jasho. Soko la Kimironko lina vingi vya kuchagua na nafasi ya kupatana bei, lakini liko upande wa pili wa mji. Nauli ya pikipiki kwenda na kurudi iingize kwenye bei ya matunda. Kwa kilo 4, huenda ikameza chote ulichopunguziwa. Kwa kilo 20 za sherehe, safari inalipa. Beba kikapu, maana mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 2008.

Matunda yaliyokatwa tayari ya supamaketi yanawafaa watu wawili ambao nanasi zima litawaozea. Ukiagiza hotelini, unalipia pia mikono iliyokata, barafu na VAT ya asilimia 18, ambayo mazao ghafi ya sokoni hayatozwi.

Krimu ya kuchovyea

Hapa ndipo pesa hupotea kimyakimya. Krimu ya kupiga ni ghali, na joto la mchana huilegeza kabla wageni hawajamaliza kusalimiana. Ikivuguto (maziwa ya mgando) ni kitamu, ila ni cha kunywa: hakishiki kwenye kipande cha embe. Nunua lita moja ya yogati isiyo na sukari, ifunge katika kitambaa safi juu ya bakuli, ilaze kwenye friji. Asubuhi utakuta karibu nusu yake, nzito ya kusimamisha kijiko. Yogati nzito ya dukani inafaa tu ikiwa bei yake kwa gramu haizidi mara mbili ya ile ya kawaida.

Tia asali na nyama ya pasheni mbili. Chagua zilizo nzito mkononi hata kama ganda limekunjamana. Hizo ndizo zilizoiva vizuri. Nanasi lisilopikwa usilichanganye humo: kimeng'enya chake huvunja protini ya maziwa, na baada ya muda krimu huwa chungu. Libaki kwenye sinia, lichovywe wakati wa kuliwa. Ndizi zikate mwisho, zinyunyizie ndimu zisigeuke nyeusi.

Uamuzi

Watu wawili: nunua yaliyokatwa. Kumi: Nyarugenge, kisu chako na yogati ya kuchuja. Hotelini agiza pale tu ambapo huna muda wala mtu wa kukusaidia kumenya. Na hela uliyoiepusha na tufaha, iongezee kwenye amatunda.