Jiko la kuni na joto la nyumba: Hatari iko kwenye maji

KATIKA nyumba nyingi za Uingereza, maji ya moto huzungushwa kwa mabomba hadi kwenye vipasha joto vya kila chumba. Kwa kawaida maji hayo hupashwa kwa gesi, lakini baadhi ya wenye nyumba huunganisha pia jiko la kuni lenye tangi dogo la maji karibu na moto.

Ugumu ni kwamba gesi huzimwa kwa swichi, ilhali kuni zilizokwisha kushika moto haziamrishwi. Umeme ukikatika, pampu husimama, na maji yaliyomo jikoni huendelea kupata joto hadi yachemke. Mvuke ukikosa pa kutokea, tangi laweza kupasuka.

Ndiyo maana mafundi huweka bomba la usalama lisilo na koki, linalopanda hadi juu ya tangi la wazi lililo darini. Aidha, kipasha joto kimoja hupata maji bila pampu: maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, hivyo hupanda yenyewe, na yaliyopoa hushuka.

Maji yanayorudi kwenye jiko nayo hayapaswi kuwa baridi mno. Yakiwa chini ya nyuzi 50 hivi za Selsiasi, moshi huacha unyevu na lami, vitu vinavyoliharibu jiko na kuziba dohani.

Tangu mwaka 2010, kanuni za ujenzi za England zinataka jiko jipya la kuni liwekwe pamoja na kengele ya kutambua kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu.