Mama Akiugua Saratani, Watoto Waambiwe

Tukimtembelea mama kijana mwenye saratani hapa Kibosho, tunampelekea mtori, tunasali, tunaondoka. Ni vyema. Lakini ng'ombe amekatiwa majani na nani? Nani atalala na watoto baba anapomsindikiza KCMC, penye kituo cha saratani tangu Desemba 2016, au Ocean Road, Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi ya wiki kadhaa? Jumuiya igawane zamu.

Watoto nao waambiwe ukweli, kwa maneno mafupi. Wakifichwa, mdogo hudhani ukaidi wake ndio uliomwuguza mama, au huogopa kikombe chake. Saratani haiambukizwi kwa kikombe wala kwa kukumbatiana. Dawa zikinyonyoa nywele, wajue mapema. Kwa kawaida huota tena. Wajue pia nani atawapikia jioni.