Dola ikishuka, bei za duka zima zinabadilishwa namna gani?

Katika maduka mengi ya Goma, Bukavu na Bunia, bei inapangwa kwa dola lakini mteja analipa kwa franka. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kwa kiwango cha Benki Kuu ya Congo, dola moja ilikuwa inapita franka 2 800. Mwishoni mwa mwaka huo ilikuwa imeshuka chini ya 2 500. Mama muuza unga sokoni anabadilisha bei kwa mdomo tu. Duka kubwa linalouza kwa kompyuta linapaswa kurekebisha maelfu ya bei, na kosa dogo la programu linaweza kuleta hasara kubwa.

Tuseme duka lina bidhaa 40 000. Kila bidhaa ni mstari mmoja ndani ya hifadhidata, yaani daftari kubwa la kompyuta. Njia ya kwanza, ambayo wanaoanza kazi hii wanaipenda, ni kutuma mstari mmoja mmoja. Ikiwa seva iko mbali na kila safari ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 20, safari 40 000 zinamaliza zaidi ya dakika 13.

Njia ya pili ni amri moja inayogusa mistari yote. Hiyo inaenda mbio, lakini mistari inayobadilishwa inafungwa mpaka kazi imalizike. Muuzaji anayetaka kupunguza stoki ya bidhaa hizo anangoja, na mteja anangoja naye. Katika SQL Server, amri moja ikifikisha kufuli zipatazo 5 000, mfumo unaweza kufunga jedwali zima. Tena umeme ukikatika kabla ya mwisho, kazi yote inafutwa na inaanza upya.

Njia ya tatu iko katikati: kugawa kazi kwa mafungu. Kwa mistari 1 000 kila mara, safari zinabaki 40. Kila fungu linahifadhiwa lote au linaachwa lote, kisha kufuli zinafunguliwa na wauzaji wanapata nafasi.

Lakini mafungu nayo yana mtego wake. Umeme ukikatika baada ya fungu la 17, programu itajuaje ilipofikia? Ikiwa inachukua bei ya zamani ya franka na kuishusha kwa kiwango kipya, kuanza upya kunashusha bei mara mbili. Bidhaa ya dola 10 iliyokuwa franka 28 000 inapaswa kuwa 23 000, ikiwa dola imefika 2 300. Ikihesabiwa mara mbili inakuwa karibu 18 900. Mwenye duka anapoteza zaidi ya franka 4 000 kwa kila moja inayouzwa, na pengine anagundua jioni wakati wa kuhesabu feza.

Dawa yake si ngumu. Bei ya dola inahifadhiwa bila kuguswa, na bei ya franka inahesabiwa kutoka hapo kila mara. Hivi, hata fungu likirudiwa mara tatu, jibu ni lile lile. Programu inafuata namba za bidhaa kwa mpangilio, na inaandika namba ya mwisho pamoja na fungu lenyewe, katika operesheni moja. Umeme ukirudi, inaendelea kutoka pale.

Linabaki swali la mteja anayefika katikati ya kazi, wakati sukari ina bei mpya na mchele bado una ya zamani. Kwa hiyo bei mpya zinaandikwa pembeni ya zile za zamani, fungu kwa fungu, bila kutumika. Zote zikiisha kuandikwa, mstari mmoja tu unabadilishwa: ule unaoambia mashini zote zitumie kiwango gani.

Kabla ya kukubali programu mpya, mwenye duka anaweza kumwomba fundi jaribio moja: aanzishe kazi hiyo kwenye nakala ya hifadhidata, azime kompyuta katikati, aiwashe tena, kisha wahakikishe bei pamoja.