Umeandika riwaya ya majini na falme? Soma hii kabla hujaichapisha mwenyewe

Unajijua. Una riwaya kwenye simu, imejaa majini, mapanga na ufalme ambao ramani yake uliichora nyuma ya daftari la Kemia. Umeituma kwa wachapishaji wawili. Mmoja hajajibu hadi leo. Mwingine alikuuliza ni ya kidato cha ngapi.

Usiwalaumu sana. Wachapishaji wengi hapa Kenya wanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya isiyoelekea darasani kwao ni kamari. Na si ati Kiswahili hakijazoea mambo haya. Shaaban Robert alituandikia Kusadikika, nchi inayoelea angani, mwaka wa 1951, na bado inasomwa.

Basi umeamua utachapisha mwenyewe. Poa. Mimi nilifanya hivyo, na kuna mambo ningependa mtu angeniambia mapema.

Tuanze na Amanda Hocking, kwa sababu ukitafuta mtandaoni hadithi yake ni kati ya zile utakazokutana nazo kwanza. Mwaka wa 2010 alikuwa binti wa miaka 25 katika mji wa Austin, jimbo la Minnesota, Marekani. Kazi yake ilikuwa kuhudumia watu wenye ulemavu. Usiku aliandika riwaya za wanyonya damu na mazimwi, na wachapishaji walikuwa wamemkataa hadi akazoea. Aprili mwaka huo akaanza kuziweka kwenye Amazon, akitafuta dola 300 tu za kwenda Chicago kuona maonyesho ya vikaragosi vya Muppets. Baadhi aliziuza kwa senti 99. Kufikia mwanzo wa 2012 alikuwa ameuza zaidi ya nakala milioni moja.

Hapo ndipo wengi huishia kusimulia. Kinachorukwa ni kwamba Machi 2011 huyo huyo Hocking alisaini mkataba wa takriban dola milioni 2 kwa vitabu vinne na St. Martin's Press, kampuni ya kawaida ya uchapishaji. Pesa tayari alikuwa nazo. Alieleza mwenyewe kwamba anataka kuwa mwandishi, lakini saa zake zilikuwa zinaliwa na baruapepe, majalada na kutafuta wahariri. Na hata baada ya kulipa wahariri, wasomaji bado walilalamikia makosa.

Nilisoma hayo nikacheka. Nikadhani ni shida za matajiri.

Elfu 48

Riwaya yangu inamhusu makanga anayegundua kwamba matatu ya mwisho usiku huwa haifiki Kayole, inaingia mji wa majini. Niliiandika miaka miwili, nyingi kwa simu. Nilipomaliza sikutafuta mhariri. Rafiki zangu watatu waliisoma wakasema ni moto, nikaona inatosha.

Nikapeleka faili kwa mpigachapa mmoja mjini. Nakala 150, kila moja shilingi 320. Hiyo ni elfu 48. Pesa hizo nilikuwa nimeziweka ili nirudi chuo nilikokuwa nimeachia njiani. Nilijiambia kitabu kitazirudisha kufikia Septemba na nitajisajili upya. Sikujisajili.

Katoni zilipofika nilifungua nakala ya juu, nikainusa, nikapiga picha, nikaposti. Wiki ya pili mteja akanipigia simu. Kurasa za 97 hadi 112 zilikuwa zimerudiwa mara mbili na 113 hadi 128 hazikuwepo. Nikapekua katoni zote na kupata 41 za aina hiyo. Nikarudi kwa mpigachapa. Akanitolea sampuli yenye saini yangu, yenye kosa lile lile. Kweli niliisaini, lakini niliangalia jalada tu.

Halafu mambo ya ndani. Hadithi ya aina hii ina sheria zake na wasomaji wake hawasamehi. Msomaji mmoja wa Nakuru aliniandikia saa tano usiku kuniuliza mbona mzee aliyekufa sura ya 6 anakunywa chai sura ya 14. Hakuwa mzuka. Nilikuwa nimesahau tu kwamba nilimuua.

Hesabu ya dukani

Sasa tupige hesabu, kwa sababu hii ndiyo huvunja wengi. Niliweka bei ya shilingi 600. Duka lililokubali kitabu changu lilitaka asilimia 35, yaani 210. Nikabaki na 390. Toa 320 za kuchapisha, inabaki 70. Toa nauli ya kupeleka. Na pesa hizo hupewi siku hiyo; unawaachia vitabu, vikinunuliwa ndipo unaitwa. Nilikaa miezi minne kabla ya kuitwa.

Mtandaoni je? Amazon inakupa asilimia 35 ukiuza kwa senti 99. Hiyo ni kama senti 35 za dola kwa kitabu. Asilimia 70 huanzia bei ya dola 2.99 na ina masharti yake. Hocking alipata mamilioni kwa sababu alikuwa na vitabu vingi tayari. Aliyependa kimoja alinunua kingine usiku huo huo. Mimi nilikuwa na kimoja.

Kilichoniokoa ni kuuza mkono kwa mkono. M-Pesa, boda, mabasi ya usiku ya kwenda Eldoret. Christopher Paolini alianza Eragon akiwa na miaka 15. Wazazi wake walipoichapisha wenyewe mwaka wa 2002, alifanya vikao zaidi ya 135 katika shule na maktaba, amevaa mavazi ya enzi za kale ili watu wamwangalie. Kampuni kubwa ya Knopf ilikuja baadaye, 2003. Kwa hiyo usione aibu kusimama na kitabu mkononi.

Lakini kutoka Februari hadi Agosti sikuandika hata ukurasa mmoja wa sehemu ya pili. Nilikuwa karani, mfungaji mizigo na mpokea malalamiko. Hapo ndipo nilimwelewa Hocking. Ukimkwepa mchapishaji, kazi yake haipotei. Inahamia kwako yote, na inaanza kula saa za kuandika.

Ukiamua bado

Lipa mhariri kabla ya kumlipa mtu wa jalada. Huna pesa? Tafuta wasomaji watano wasiokupenda sana. Weka daftari la nani alikufa, nani ana nguvu gani, na safari kutoka mji hadi mji ni siku ngapi.

Nambari ya ISBN utaipata kwa Kenya National Library Service. Haki ya kunakili ni yako tangu unapoandika. Kujisajili KECOBO ni hiari, lakini kunasaidia kama kutatokea ubishi.

Chapisha nakala 30 kwanza. Kila moja itakugharimu zaidi, lakini kosa likipatikana utalia kidogo. Soma sampuli ukurasa kwa ukurasa, hata ikikuchukua siku nzima. Wachukue wateja wa kulipa mapema ujue kama wapo.

Na chagua saa moja ambayo si ya biashara. Yangu ni saa kumi na moja alfajiri, kabla simu haijaanza kulia. Oda isubiri.

Leo nina katoni moja chini ya kitanda, zile 41 mbovu. Zile zingine ziliisha. Elfu 48 zilirudi, polepole, zikaisha kwa kodi ya nyumba. Mamangu bado huniuliza habari za chuo, na sina jibu la kumpa.

Yule wa Nakuru naye aliniandikia tena juzi. Anataka kujua makanga alirudi au alibaki kule. Niko sura ya 9, na safari hii mzee amekufa kabisa.